Barua ya malalamiko: Tulilipia video za kupakua, zikagoma siku ya mafunzo

Katibu,
Kikundi cha Wakulima wa Parachichi,
Tukuyu, Rungwe,
Mbeya.

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

YAH: VIDEO ZA MAFUNZO ZILIZOPAKULIWA KUGOMA KUFUNGUKA BILA INTANETI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kikundi chetu kililipia kifurushi chenu cha mwaka mzima kwa sababu ya sentensi moja iliyopo kwenye ukurasa wenu wa malipo: "Pakua kwenye kompyuta yako, tazama popote bila intaneti." Tulifuata maneno hayo na si kingine, maana vijiji tunakofanyia mafunzo viko mabondeni chini ya Mlima Rungwe, na huko mtandao ukionekana ni wa kupiga simu ukiwa umesimama juu ya kichuguu. Video haichezi. Mvua ikinyesha, na Tukuyu mvua haichagui mwezi, hata hiyo simu inakuwa ya kubahatisha.

Mimi ndiye ninayeshughulikia kompyuta ya kikundi, na nina steshenari hapa mjini, kwa hiyo naomba msinijibu kama mtu ambaye hajawahi kushika mausi.

Video zenu huwa nazipakua Mbeya, Mwanjelwa, kwa rafiki yangu mwenye intaneti ya faiba. Kwa bando la simu hesabu haikubali: video ya megabiti 5 kwa sekunde inakula gigabaiti 2 na robo kwa saa moja, na somo zima la kubebesha miche, yaani kuunganisha kikonyo cha mti mzuri kwenye mche, lina sehemu kadhaa. Kwa hiyo ni nauli ya Coaster, kilometa kama 70 kwenda na nyingine 70 kurudi, kisha ndiyo video inafika kijijini. Yote hayo tuliyakubali.

Siku ya mafunzo tulikutana ghalani. Shuka jeupe limetundikwa ukutani, projekta inatumia betri ya sola, akina mama wengine wametoka moja kwa moja kwenye mashamba ya chai na vikapu vyao wameviweka mlangoni. Pembeni kulikuwa na vikonyo vya Hass, aina ya parachichi, vilivyokatwa asubuhi ile ile, vimefungwa kwenye gazeti lililolowanishwa, maana kikonyo kikikauka hakishiki tena. Nikabonyeza somo. Ikatokea picha ya mtaalamu wenu ameinua kisu, duara likazunguka, kisha pazia jeusi na maandishi meupe: "Kibali cha video hii kimekwisha. Unganisha intaneti ili kukihuisha."

Mzee mmoja akaniuliza, "Si ulisema umeshaipakua?"

"Nimeipakua, baba."

"Sasa huyu anaomba nini tena?"

Sikuwa na jibu. Nilitoka nje na simu nikaizungusha juu hewani huku watu wananitazama. Bahati yetu yupo mwenzetu aliyewahi kufanya kazi kwenye kitalu cha miche, akachukua kisu na kipande cha nailoni, akafundisha yeye kwa waliokaa mbele. Waliokaa nyuma hawakuona kitu, na ndiyo maana tulinunua projekta. Yule mzee aliniaga vizuri tu: "Ndaga (asante), katibu. Tutakuja ikipona."

Sasa nije kwenye majibu yenu, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu ilipo hasa.

Kwanza mliniambia nifute programu kisha niisakinishe upya. Nikafanya. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba kufuta programu kunafuta na video zote zilizopakuliwa, kwa hiyo ushauri wenu ulinirudisha Mwanjelwa kuanza moja. Baada ya hapo mkaniandikia kwamba tatizo ni "upakuaji haukukamilika". Si kweli. Tangu Apple ilipotoa mfumo wa HLS mwaka 2009, video nyingi za mtandaoni hazisafiri kama faili moja. Zinakatwa vipande vya sekunde chache, na faili dogo la orodha ndilo linaloiambia programu kipi kinafuata kipi. Zenu ziko hivyo hivyo. Nilifungua folda: somo la dakika 20, vipande vya sekunde 6, orodha inataja vipande 200, na ndani ya folda vipo 200. Mzigo wote umefika. Uliokosekana ni ufunguo.

Maana kila kipande kimefungwa kwa msimbo, na programu yenu haiwezi kukifungua bila kibali kutoka kwenye seva yenu. Nilipochimba kwenye mipangilio, ukurasa wa mwisho kabisa, nikakuta kibali kinadumu saa 48 tangu kupakua. Saa 48! Mtu anayepakua Alhamisi jioni mjini, Ijumaa akasafiri, Jumamosi mchana akawa kijijini anasubiri watu watoke shambani, wakati wanakaa kitako muda umekaribia kwisha, na wakichelewa kidogo umekwisha kabisa. Ni kama kuuziwa tochi inayowaka mchana tu.

Wala msiniambie kwamba teknolojia ndiyo inataka hivyo. Mifumo ya kufuli za video, kama Widevine ya Google, inamwachia mwenye huduma apange mwenyewe kibali kiishe baada ya muda gani. Hizo saa 48 mmeziandika ninyi, na ninyi mnaweza kuzibadilisha.

Ushauri wenu wa mwisho ulikuwa nitumie simu, kwa kuwa "huko inafanya kazi vizuri zaidi". Watu kama arobaini watazame kisu na kikonyo kwenye kioo cha simu moja? Aliyeandika jibu hilo nadhani hakusoma hata barua pepe yangu, kwani nilishaeleza habari ya projekta kwenye mstari wa pili.

Kuna kijana hapa steshenari aliyeniambia kwa moyo mweupe, "Braza, hangaika ya nini, turekodi skrini tu ikiwa inacheza, tuweke kwenye fleshi." Nilimkatalia. Video hizo zina wenyewe, ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mtaalamu wenu anastahili kula kwa jasho lake. Lakini muone mlivyopanga mambo: anayeiba hakutani na kibali chenu hata siku moja, sisi tuliolipa ndio tunaoumbuka mbele ya wazee.

Tunachotaka ni kibali cha kompyuta kidumu angalau siku 30 bila kuomba intaneti, na tarehe ya mwisho ionekane pale pale kwenye jina la video, si ukurasa wa mwisho wa mipangilio. Kama hilo linachukua muda, basi tupeni masomo manne ya kubebesha na kupogoa kama faili za kawaida za MP4, mkiyawekea jina la kikundi chetu juu ya picha ili yakivuja mjue yametoka kwa nani. Tutasaini karatasi yoyote mtakayoleta. Na kama yote mawili hayawezekani, turudishieni fedha za miezi iliyobaki. Kwa vyovyote vile, ile sentensi ya kwenye ukurasa wa malipo irekebishwe leo, kabla hamjawauzia wengine wa Makete au Ludewa walio mbali na mnara kuliko sisi.

Nimeambatanisha risiti ya malipo, picha za skrini na majibu yenu yote. Tutasubiri siku 14. Baada ya hapo tutalipeleka suala hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Naomba jibu liandikwe na mtu, mwenye jina, tutakayeweza kumpigia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
kwa niaba ya wanakikundi