Msikate saini, barua ni nzima

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kadogo kwenye ukurasa wenu wa barua, si kugombana na mtu, ila wiki iliyopita msomaji mwenzetu aliandika hapa akijisifu ana daftari limejaa saini za wakubwa, mawaziri wa zamani, maaskofu, wachezaji wa Cranes timu yetu ya taifa ya Uganda, na akasema kabisa bila aibu kwamba akipata barua ya zamani anachukua makasi anakata saini anaibandika na gundi, ile karatasi iliyobaki anatupa maana inamjazia kabati. Nilisoma hapo nikaweka kikombe chini.

Mimi ni mstaafu, naishi Walukuba hapa Jinja. Baba yetu alikuwa karani wa reli enzi za East African Railways, na Kiswahili ndicho kilikuwa cha reli na cha mtaa wetu pia, jirani wa kulia Mluo, wa kushoto Mugisu, wa mbele Mnubi, sasa tungeongea nini tena. Alipofariki aliacha sanduku la bati lina barua, na mojawapo ilitoka kwa mkubwa mmoja wa siasa za miaka ile ya uhuru, jina silitaji maana familia yake ipo. Barua yenyewe imepigwa taipu, mambo ya mkutano, baridi tu kama barua zote za ofisi. Lakini chini kabisa, chini ya saini, alikuwa ameongeza mistari miwili kwa mkono wake na kalamu ya wino, anauliza kama mtoto amepona surua (mtoto ndiye mimi), halafu anaomba radhi kwamba pampu ya baiskeli bado iko kwake.

Basi miaka kama mitano iliyopita nikajifanya mjanja nikasema niihifadhi vizuri, nikaipeleka duka moja la fotokopi wanifanyie laminesheni. Nikatoka kidogo kununua eataimu. Kijana akaona karatasi ni ndefu kuliko plastiki yake, maana vijana wa leo hawajui fulskepu, wao ni A4 tu, na fulskepu inaizidi A4 kama sentimita 3 hivi, akapiga hesabu yake haraka, saini ipo, muhuri upo, huku chini ni mikwaruzo tu ya kalamu, akapitisha kisu. Niliporudi barua ilikuwa bado ya moto, inang'aa. Ndoo ya taka imejaa vipande vya karatasi na maganda ya karanga, tulipekua wote wawili mpaka kijana mwenyewe akaanza kunionea huruma, hatukuona kitu. Akanirudishia elfu mbili yangu. Sasa nina saini ya mkubwa safi kabisa ndani ya plastiki, na pampu haipo.

Ndiyo maana nasema huyo ndugu wa daftari anajiibia mwenyewe. Chukua ule Mkataba wa Buganda, kati ya Waingereza na ufalme wa Buganda, wa tarehe 10 Machi 1900. Kabaka, yaani mfalme, Daudi Chwa alikuwa mtoto wa miaka 3, waliomtilia saini ni waangalizi wake, akina Apolo Kagwa, Stanislas Mugwanya na Zakaria Kisingiri, pamoja na machifu. Haya, kata hizo saini ubandike uone umebaki na nini. Umebaki na majina ambayo hata mtoto wa P7, darasa la saba, anayajua, na ile habari ya maili za ardhi na kodi ya nyumba, ambayo mpaka leo watu wanapelekana kortini kwa sababu yake, umeitupa kwenye ndoo.

Halafu kuna hili jambo la mkono wa nani, na hapa naomba mnivumilie kidogo maana ndipo napopenda mimi. Barua inayojulikana kuliko zote kwetu ni ile mvumbuzi Stanley aliandika Aprili 1875 akiwa kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, akiwaita wamisionari waje. Alimkabidhi Linant de Bellefonds, Mfaransa aliyekuwa anaitumikia Misri, na huyo maskini akauawa Agosti mwaka ule ule huko kwa Wabari, Sudan Kusini ya leo, watu husimulia ati barua ilitolewa ndani ya buti lake, iwe kweli isiwe kweli ilifika London, gazeti la Daily Telegraph wakaichapa tarehe 15 Novemba 1875, na kufikia 1877 wamisionari wa kwanza wa CMS, chama cha Waanglikana wa Uingereza, walikuwa wamefika. Hiyo kila mtu anaijua. Mimi zinazoninyima usingizi ni barua za Mutesa mwenyewe. Kwa sababu Stanley alipoondoka alimwacha kijana mmoja anaitwa Dallington Maftaa, mtumwa aliyekombolewa, amesomeshwa na wamisionari Zanzibar, akawa mwalimu wa Kabaka na karani wake. Kabaka anasema, Dallington anaandika, kwa Kiingereza cha kujikakamua, hata zile zilizopelekwa kwa Kanali Gordon, Mwingereza aliyekuwa gavana wa Misri huko juu ya Nile. Sasa mkusanyaji wa saini atakwambia huo si mkono wa Mutesa, bei inashuka. Mimi nakwambia bei ipande mara mbili! Hapo unao watu wawili kwenye karatasi moja, mfalme na kijana aliyewahi kuwa mtumwa, na kati yao kuna Kiswahili, maana ndicho walichokuwa wanaelewana nacho.

Sikatai kwamba saini ina pesa. Kuna Mmarekani anaitwa Button Gwinnett, alitia saini tangazo lao la uhuru mwaka 1776, mwaka uliofuata akauawa kwa kupigana bastola na mwenzake, kwa hiyo saini zake ni chache mno duniani, na mwaka 2010 barua yenye saini yake iliuzwa New York zaidi ya dola 700,000. Ila mnasikia nimesema barua. Na huko kwao wanajua marais wengi hawasaini wenyewe, wanasaini makarani au mashine yenye kalamu, inaitwa otopeni, kwa hiyo unaweza ukanunua saini ya rais ambayo rais hajawahi kuiona. Sisi hapa tuna Nasser Road, mtaa wa wachapaji kule Kampala, sina haja ya kueleza, ukitaka letahedi ya ofisi yoyote unapata kabla chai haijapoa. Kijipande cha saini peke yake huwezi kukithibitisha. Barua nzima ina tarehe, ina aina ya karatasi, ina bahasha na stempu na muhuri wa posta, ina habari ndani ambazo mtu mwongo atajikwaa. Zile shajara za Hitler walizouziwa gazeti la Ujerumani mwaka 1983 ziliumbuka kwa sababu ya karatasi na gundi na wino, vitu vya baada ya vita.

Kuhusu kutunza, mimi si mtaalamu ila nimejifunza kwa machozi. Laminesheni hapana, moto unaingia kwenye wino na ile plastiki haitoki tena. Selotepu hapana, inageuka rangi ya chai na kula karatasi. Pini na klipu zinatoa kutu, hasa sisi wa karibu na ziwa. Kavera, mfuko wa plastiki, inafungia unyevu, tumia bahasha ya karatasi, weka juu mbali na mchwa, na nyuma ya bahasha (si ya barua) andika kwa penseli nani alimwandikia nani na ilifikaje kwako. Na ukiona wino umefifia kabisa usitupe. Yule mmisionari msafiri Livingstone mwaka 1871 akiwa Nyangwe huko Kongo karatasi zilimwishia, akaandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu kwa wino aliojitengenezea wa matunda, ukafifia ikawa haisomeki, lakini juzi juzi tu hapa, miaka kama 140 baadaye, wataalamu wameipiga picha kwa mianga ya aina aina na maneno yakarudi. Ingekuwa ni yule kijana wa duka langu, sijui.

Mtasema tupeleke serikalini. Nasi tunayo sheria ya kumbukumbu za taifa ya mwaka 2001, na jengo lipo Wandegeya, Kampala, ni afadhali kuliko zile siku mafaili yalikuwa yamelundikwa chini ya ardhi Entebbe. Karatasi za Apolo Kagwa ziko maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere, na mtu yeyote aliyeona moto wa Main Building pale Septemba 2020 anajua roho ilivyoruka. Kwa hiyo mimi nasema piga picha na simu kwanza, mbele na nyuma, kingo zote zionekane, mtumie ndugu yako aliye mji mwingine, halafu ndiyo uamue unatoa au unabaki nayo. Barua za Kiswahili za zamani kabisa tunazozijua, za Kilwa mwaka 1711, zimesalia kwa sababu Wareno walizipeleka Goa kule India wakaziweka. Za kwetu ziko ndani ya masanduku ya bati chini ya vitanda vya mashangazi, na msimu wa kupaka rangi nyumba ukifika zinachomwa na majani.

Mhariri, ningeomba mfungue hata kona moja kwa mwezi, msomaji alete picha ya barua moja ya nyumbani kwao na hadithi yake, ya mkubwa au ya karani, isipokuwa tukumbuke karatasi ni ya aliyeandikiwa ila maneno ni ya aliyeandika, kwa hiyo kama kuna siri za familia za watu tuulize kwanza.

Na kama watoto wa yule mkubwa wanasoma gazeti hili, wao wenyewe watajijua, ile pampu ya baba haikurudi.

Ni mimi msomaji wenu,
Walukuba, Jinja