Risala ya Wahudumu wa Pichi na Makocha wa Vijana kwa Mgeni Rasmi, Uwanja wa Kriketi wa Gahanga, Kigali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi, walimu, wazazi na wachezaji,

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Risala hii ni ya uwanja huu wa Gahanga, pamoja na kazi isiyoonekana na wengi: kutunza pichi, yaani ukanda wa katikati ya uwanja ambako mpira hurushwa na kupigwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kriketi iliota mizizi Rwanda baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, ikiletwa na waliorejea kutoka nchi jirani. Chama cha taifa kiliundwa mwaka 1999, na mwaka 2003 Rwanda ikapokewa katika Baraza la Kriketi la Kimataifa. Kwa miaka mingi mechi zilichezwa Kicukiro, kando ya iliyokuwa shule ya ufundi ya ETO, ambako Aprili 1994 watu waliokimbilia hifadhi waliachwa mikononi mwa wauaji. Mchezo huu kwetu umekua ukiwa na kumbukumbu hiyo.

Fedha za Gahanga zilichangwa ndani na nje ya nchi. Mei 2016 Eric Dusingizimana, aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa, alipiga mipira kwa saa 51, akaweka rekodi ya dunia huku akichangisha. Uwanja ukazinduliwa na Mheshimiwa Rais Paul Kagame tarehe 28 Oktoba 2017.

Kuba tatu unazoziona zinafuata njia ya mpira unaodunda. Zimejengwa kwa vigae vyembamba vya udongo wa humu humu nchini, ulioshindiliwa kwa mashine na kuchanganywa na saruji kidogo, bila kuchomwa. Vigae vimepangwa tabaka juu ya tabaka, na katikati pamewekwa wavu wa kuhimili tetemeko. Umbo la tao hupeleka uzito wote chini, ndiyo maana kuba nyembamba hivi inasimama. Adui yake ni maji yanayopenya: ufa wa juu uzibwe siku unapoonekana.

Kila Juni uwanja hupokea mashindano ya wanawake ya Kwibuka, yaliyoanza mwaka 2014 kuwakumbuka waliouawa. Tanzania ilitwaa kombe mwaka 2022. Hapa pia huchezwa mechi za kufuzu za Afrika, na kuna mafunzo ya uongozi kwa wanawake. Januari 2023 wasichana wetu wa chini ya miaka 19 waliwafunga Zimbabwe na West Indies katika Kombe la Dunia, Afrika Kusini. Hilo tunalisema kwa fahari kubwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tuizungumzie pichi. Ina urefu wa mita 20.12 na upana wa mita 3.05, na ubora wa mechi nzima unategemea ukanda huo. Pichi ya nyasi huhitaji udongo wa mfinyanzi na maandalizi ya siku kumi hivi. Kwanza humwagiliwa hadi maji yafike kwenye mizizi. Kisha nyasi hupunguzwa kidogo kidogo, na rola nyepesi, silinda ya kushindilia, hupita udongo ukiwa na unyevu usionata kidoleni. Rola nzito hufuata kadiri unavyokauka. Ukipitisha rola mapema, udongo hunata na kubanduka. Ukichelewa, hugandamana juu tu, chini ukabaki laini, na mpira unadunda chini kuliko mpigaji alivyotarajia. Nyasi zisikatwe hadi kuisha kabla ya wakati, kwa sababu mizizi yake ndiyo inayofyonza maji ya chini.

Turubai la kufunika pichi nalo lina masharti. Mvua za Machi hadi Mei zinalihitaji sana, lakini likiachwa juani pichi hutoka jasho na kuota ukungu. Mashimo ya miguu ya warushaji hujazwa udongo ule ule wenye unyevu, ukashindiliwa. Udongo mwingine hukauka kwa kasi tofauti na kung'oka kama kigae.

Tunaomba mambo matatu. Shule zenye timu zipewe japo zulia la pichi na sakafu ya zege ya kulitandika, maana mtoto asiyezoea mdundo sawasawa huanza kuogopa mpira. Vijana wafundishwe utunzaji wa pichi na kupewa cheti, kama wanavyopewa waamuzi. Na rola ya akiba ipatikane kabla ya mvua za Septemba.

Tunawasilisha,
Wahudumu wa pichi na makocha wa vijana.