Mkulima aandike bei yake mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Nimekuwa bwana shamba huku milima ya Usambara kwa muda mrefu wa utumishi wangu, na sasa nimestaafu. Msimu wa baridi uliopita nilikuwa Japani kwa binti yangu anayesoma Tokushima, katika kisiwa cha Shikoku. Watu wakisikia Japani wanawaza treni za kasi na maghorofa. Mimi muda wangu karibu wote uliishia bonde la mto Katsuura, kwenye vimji ambavyo basi la asubuhi likikupita unakaa kitako kungoja la mchana. Milima imesimama, mashamba ya mpunga yamejengewa kingo za mawe, na juu yake ni msitu mtupu.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kituo cha barabarani cha pale Katsuura. Wenyewe wanaviita michi-no-eki. Serikali yao ilianza kuvisajili mwaka 1993, na leo nchi nzima vimepita 1,200. Ili kituo kisajiliwe, lazima kiwe na maegesho ya bure na choo kilicho wazi saa 24. (Aliyewahi kusafiri na basi la Arusha akiwa na mtoto mdogo hahitaji maelezo zaidi.) Lakini mimi nilivutwa na soko la wakulima lililomo ndani, nikawa nakwenda mapema ili niwaone wakishusha mizigo.

Nimtaje bibi mmoja, kwa kumkadiria amepita miaka themanini. Alikuja na kigari chake cheupe, akashusha kreti za machenza, kisha akaiendea mashine ndogo iliyo kwenye kona. Akabonyeza bei aliyoitaka, mashine ikatoa lebo zenye jina lake, kijiji chake na bei. Akabandika mfuko mmoja mmoja. Halafu akayatupia jicho machenza ya jirani yake, akacheka, akarudi mashineni na kupandisha ya kwake yeni 20. Nilimwomba binti yangu amuulize kwa nini anapandisha wakati mwenzake yuko chini. Akajibu kwamba ya kwake yamelala ghalani tangu Desemba, ukali umekwisha, anayetaka makali akanunue kwa jirani.

Vituo vingi vya namna hiyo hukata asilimia 15 hivi ya mauzo, mkulima anachukua inayobaki. Mchana anapata ujumbe kwenye simu kwamba mifuko kadhaa imekwenda, kwa hiyo anajua kama aongeze mzigo au atulie. Jioni anakuja kuchukua kilichobaki. Mfuko ukiwa na chenza lililooza, mteja anajua ni la nani, maana jina limeandikwa.

Sasa turudi kwetu. Mkulima wa Lushoto anajaza viazi gunia, mnunuzi anamwambia bado, ongeza. Linashonewa kilemba cha kamba juu, watu wawili wanalinyanyua kwa shida, na bei inabaki ya gunia moja. Lumbesa sheria inaikataza, sote tunajua, na sote tunaiona ikipakiwa kwenye Fuso mchana kweupe. Ikifika sokoni Dar es Salaam, dalali anapiga simu: bei imeshuka, mzee. Mkulima atabishana na nini? Hajui hata limeuzwa kwa nani.

Juu zaidi ya Katsuura kuna mji wa Kamikatsu, wenye watu wasiofika 1,500, wengi wao wazee. Baridi kali ya mwaka 1981 iliwaulia michenza. Bwana shamba wa ushirika wao, Tomoji Yokoishi, aliona kwenye mkahawa kule Osaka wateja wakilifurahia jani lililopamba sahani. Mwaka 1986 wakaanza kuuza majani. Ndiyo, majani ya miti! Leo akina bibi wa mji huo wanasoma oda kwenye tableti, wanachuma majani na kuyapanga kwenye vitrei, yote yalingane ukubwa, yasiwe na doa. Nililishika jani moja lililokataliwa nikaligeuza huku na huku. Kasoro sikuiona mpaka nilipoonyeshwa kijitundu cha mdudu, kidogo kama ncha ya sindano. Nilijiuliza sisi maafisa ugani ni lini mara ya mwisho tuliingia mkahawani kuangalia mteja anataka nini. Sisi tulifundisha kulima. Kuuza tuliwaachia madalali.

Najua jibu litakalokuja: Wajapani ni waaminifu, sisi tutaibiana. Kandokando ya njia kule kuna vibanda visivyo na muuzaji, unachukua mboga na kutumbukiza yeni 100 kwenye kopo. Kweli vipo. Lakini wezi nao wapo, ndiyo maana vibanda vingine vimefungwa kamera. Kituo hakitegemei uaminifu wa mtu. Kina keshia na hesabu zinazoonekana. Wala sisemi kule ni peponi. Nimeona shule zilizofungwa kwa kukosa watoto na nyumba zilizoachwa hadi mianzi ikaingia sebuleni. Utafiti wao wa makazi wa 2023 ulikuta nyumba tupu kama milioni tisa. Kituo hakikuwazuia vijana kuhamia mijini.

Sisi vijana tunao. Wako Mombo wanakimbiza mabasi na vikapu vya mapeasi, mkono mmoja dirishani, dereva ameshatia gia. Ninachoomba ni kituo kimoja cha majaribio pale barabara ya Lushoto inapokutana na barabara kuu: eneo la maegesho, choo chenye maji, mizani iliyopigwa muhuri, meza zenye kivuli, na mashine ya lebo. Bei apange mkulima, ushuru ukatwe kwenye mauzo na si kwenye gunia. Na vijana hao wa vikapu wasifukuzwe siku ya uzinduzi ili mgeni rasmi aone pasafi; wao ndio wapewe meza za kwanza.

Afisa ugani mstaafu,
Lushoto, Tanga