Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Miswada Tuliyotuma na Tuliyoizuia

Ndugu wanachama wa chama chetu cha waandishi wa hadithi za watoto,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nasimama kuwaeleza yaliyofanyika tangu mkutano mkuu uliopita. Nianze na jambo litakalowashangaza baadhi yenu: mwaka huu tumetuma kwa wachapishaji miswada michache kuliko mwaka jana, na kamati tendaji inalihesabu hilo kuwa ni mafanikio.

Mnakumbuka tulivyozoea. Hadithi inakamilika Jumamosi, Jumatatu imeshafika kwa wachapishaji watano, barua ni ile ile, "Kwa Mkurugenzi", na anwani za wote watano zinaonekana juu. Mmoja wao anachapisha vitabu vya sheria tu. Kisha tunakaa miezi tukilalamika kwamba hakuna anayejibu.

Sasa mswada hautoki kwa jina la chama mpaka usomwe na wajumbe wa kamati ya usomaji na usomewe watoto. Nawashukuru walimu wakuu waliotufungulia madarasa baada ya vipindi. Kazi hii imetufundisha kuliko semina zote tulizowahi kuandaa. Mtoto wa darasa la pili hana adabu ya mhariri. Akichoka, anageukia dirishani. Wajumbe waliweka alama pembeni mwa ukurasa kila macho yalipoanza kuhama, na alama zikarudi mahali pale pale: kurasa za mwanzo zinazoeleza uzuri wa kijiji kabla hakijatokea kitu, na zile za mwisho ambapo babu anakohoa na kuanza mawaidha. Katika hadithi ya mtoto aliyepotea sokoni, wasikilizaji hawakuuliza chochote kuhusu utii. Walitaka kujua mama yake alikuwa anafanya nini muda wote huo. Mwandishi alirudi nyumbani akaiandika upya, mama naye akitafuta, na sasa ndiyo hadithi bora tuliyo nayo.

Liko pia suala la umri. Bado tunaandika kwenye barua, "Kitabu hiki kinawafaa watoto wa miaka 3 hadi 15." Msomaji huyo hayupo. Anayesomewa na mkubwa humudu maneno ambayo anayejisomea mwenyewe, kidole kikifuata mstari, hayawezi. Na mchapishaji anauliza darasa kwa sababu za biashara. Tangu EMAC, kamati ya serikali iliyokuwa ikiidhinisha vitabu vya shule, ilipovunjwa mwaka 2013 na kazi ya vitabu vya kiada kurudishwa Taasisi ya Elimu Tanzania, wachapishaji binafsi wamebaki zaidi na vitabu vya ziada, hadithi zikiwamo, na kitabu kinachotarajia kuingia shuleni kinahitaji ithibati. Mhariri anaposoma mswada wako anajiuliza pia nani atakinunua. Zamani Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, ulimpunguzia mchapishaji hofu hiyo kwa kununua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka shuleni. Asiye na mnunuzi wa namna hiyo huchagua kwa woga, na woga huo tuuelewe kabla ya kuuita dharau.

Kuhusu picha nitasema kwa ukali kidogo. Acheni kuwalipa wachoraji kabla ya kutuma. Mchapishaji ana wachoraji wake na huwachagua mwenyewe. Michoro uliyoigharimia inaweza hata kuuponza mswada mzuri. Kama wewe mwenyewe ni mchoraji, hilo ni jambo jingine. Kinachosaidia ni kugawa maneno kwa kurasa, kurasa 16, 24 au 32, maana karatasi hukunjwa na kitabu cha kurasa 27 hakikunjiki, kisha kueleza kwa mstari mmoja kinachoonekana katika kila ukurasa. Ukiona picha itasema kitu fulani, kifute kwenye maneno. Wengi hapa ndipo tunapoumia, kwa sababu sentensi inayofutwa huwa ndiyo tuliyoipenda.

Kwenye mikataba, mwanachama mmoja aliletewa barua ya pongezi iliyofuatiwa na ankara: achangie gharama ili kitabu kitoke. Aliileta kwenye kamati kabla ya kulipa, na nampongeza. Anayekuomba hela anakuuzia huduma ya kupiga chapa, na hakuna ubaya ukiihitaji, lakini asijiite mchapishaji wako. Mchapishaji hugharimia kitabu na kukulipa mrabaha, yaani sehemu yako ya mauzo, mara nyingi asilimia 10. Ulizeni ni ya bei ya jaladani au ya fedha anazopokea yeye, kwani tofauti ni kubwa. Msiuze haki zote kwa mkupuo bila kushauriana nasi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki hiyo inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada yake, kwa hiyo mnauza na haki ya wajukuu wenu.

Kuna sababu nyingine ya kutoharakia kujichapishia. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza na riwaya na ushairi, sasa ina kundi la hadithi za watoto, nayo inapokea miswada ambayo haijachapishwa. Ukishakichapa kitabu chako nakala mia za kugawia harusini, mlango huo umeufunga mwenyewe.

Majibu tuliyopata mwaka huu mengi ni ya kukataa, ila yamekuja na maelezo, na mhariri anayekueleza kwa nini amekataa anastahili barua ya shukrani, si ujumbe wa kumsuta. Waliokaa kimya tumewaandikia baada ya miezi mitatu. Ikipita sita, tunawaarifu kwamba tunaupeleka mswada kwingine.

Taarifa ya fedha ataisoma mhazini. Kundi letu la WhatsApp lina salamu za asubuhi nyingi kuliko miswada, naliacha hapo.

Kamati tendaji inaomba mkutano uridhie mambo mawili: utaratibu wa kusomea watoto uingizwe kwenye kanuni za chama, na ada ibaki ilivyo, ila kila mwanachama alete kwenye maktaba yetu kitabu kimoja cha watoto cha Kiswahili kilichotoka miaka ya karibuni, ambacho yeye mwenyewe amekisoma.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti