Mama akisema ni ushahidi, profesa akisema ni nadharia

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua mnapenda barua fupi ila hii nimeianza mara tatu nikaifuta mara tatu kwahiyo nivumilieni.

Ni kuhusu makala yenu ya kurasa mbili juu ya haki rejeshi. Makala nzuri sikatai, mwandishi kajitahidi kueleza kwamba kosa sio sheria iliyovunjwa tu, ni mtu aliyeumizwa, na kwamba badala ya kuishia kwenye nani kakosa na afungwe miaka mingapi tuulize pia nani kaumia, anahitaji nini, na nani ana wajibu wa kutengeneza kilichoharibika. Hapo safi. Akamtaja Nils Christie wa Norway na hoja yake ya 1977 kwamba dola na mawakili wamewapora watu ugomvi wao wenyewe, akamtaja John Braithwaite wa Australia ambaye 1989 aliandika kuhusu ile aibu inayomrudisha mtu kundini badala ya kumtupa nje, akamtaja Howard Zehr ambaye kitabu chake cha 1990 ndo wengi wanaanzia hapo. Wote wanaume, wote wanastahili, sina ugomvi nao hata kidogo. Halafu nikafika kwenye picha. Mwanamke analia, kitambaa mkononi, na chini yake hamna hata jina.

Nikasema kha, hapa ndo penyewe. Wanaofikiri wana majina, anayelia hana.

Sasa kabla sijawasema ninyi nijiseme mimi kwanza. Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za mikutano. Wasomi wakikutana wananiita, nakaa nyuma kabisa na laptopu na kinasa sauti, wakimaliza naandika ripoti. Hivi karibuni nilikaa siku mbili kwenye kongamano la hii hii haki rejeshi, wanafalsafa, wanasheria, watu wa dini, na mada zilikuwa moto kweli. Baada ya kusoma makala yenu nikaenda kufungua faili langu. Jamani. Kwa wanaume nimeandika "Profesa fulani alijenga hoja kwamba", "Dokta fulani alipinga". Kwa wanawake nimeandika "dada mmoja aliuliza", "mama mmoja alieleza kwa uchungu". Hilo la kwa uchungu nimelihesabu, lipo mara nne na mara zote nne ni wanawake. Nikarudi kwenye rekodi kusikiliza huo uchungu uko wapi. Mmoja wao hakuwa na uchungu wowote, alikuwa anapanga hoja, kwanza hivi, pili hivi, kwahiyo hivi, sauti imetulia kama mtu anasoma taarifa ya habari. Uchungu niliuweka mimi! Na mimi ni mwanamke, sasa nitamlaumu nani.

Kwahiyo shida ninayoiona sio kwamba wanawake hawapo kwenye huu mjadala. Wapo toka zamani. Shida ni kabati tunalowaweka, mwanamke akisema tunaandika ushahidi, mwanaume akisema tunaandika nadharia, hata kama wamesema kitu kimoja.

Chukua Afrika Kusini, maana kila anayeongelea haki rejeshi lazima apite kule. Tume ya Ukweli na Maridhiano, ile iliyoundwa kuchunguza maovu ya enzi za ubaguzi wa rangi, ilianza kusikiliza watu Aprili 1996. Akaja mama anaitwa Cynthia Ngewu, mwanawe Christopher Piet alikuwa mmoja wa wale vijana saba waliouawa na polisi Gugulethu, kitongoji cha Cape Town, mwaka 1986. Kuhusu hayo maridhiano akasema, nayaweka kwa maneno yangu, kama maana yake ni kwamba huyu aliyemuua Christopher anakuwa mtu tena, ili na mimi na sisi wote turudishiwe utu wetu, basi nakubali. Hebu isome tena taratibu. Kuna "kama" pale mwanzoni, yaani katoa sharti, hakutoa msamaha wa bure. Na ndani yake kuna nadharia nzima, kwamba aliyeua naye kapoteza utu wake, na kwamba utu wangu hauwezi kurudi wote huku wake bado umepotea. Ukimpa mwanafunzi wa falsafa sentensi hiyo aichambue ana kazi ya muhula mzima.

Halafu kuna Charity Kondile, mama wa Sizwe Kondile aliyeuawa na polisi wa usalama 1981 na mwili wake ukachomwa moto. Yeye alikataa. Alisema kwa Mandela na Askofu Tutu, aliyekuwa mwenyekiti wa Tume, kusamehe ni rahisi, maisha yao yameshaonyesha kwamba walikuwa sahihi, ila kwake yeye hakuna hata kitu kimoja kilichobadilika tangu mwanawe achomwe, kwahiyo hawezi kusamehe. Watu wanasoma hapo wanaona mama mwenye hasira. Mimi naona hoja, tena ngumu kuijibu. Anasema msamaha una gharama na gharama hiyo hatulipi sawa, anayeamka na cheo na heshima ya dunia nzima anatoa kwenye kingi, anayeamka kwenye nyumba ile ile bila mtoto anatoa kwenye nini?

Hawa mama wawili wanapingana, na kupingana kwao ndo falsafa yenyewe. Lakini nenda kaangalie wanavyotumika. Maneno ya Ngewu utayakuta yamewekwa mwanzo wa sura kama ua mezani, kisha anaingia msomi anatueleza mama alikuwa anamaanisha nini. Kondile ndo kabisa, mara nyingi anarukwa maana anaharibu hadithi. Wenyewe tunasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, haya, hapa anayeijua yuko hai, kashika maiki, anaongea, na bado tunakwenda kuuliza majirani.

Hili jambo lina jina na aliyelipa jina ni mwanamke pia, Miranda Fricker, mwanafalsafa Mwingereza. Mwaka 2007 aliandika kuhusu dhuluma ya ushuhuda (kwa Kiingereza testimonial injustice), yaani kumpunguzia mtu imani kwa sababu tu ya alivyo, anaongea jambo analolijua na wewe tayari umeshamshusha bei kichwani kabla hajamaliza. Nikikumbuka ile "kwa uchungu" yangu naona alikuwa ananiandika mimi.

Na wasomi wanawake walibadilisha hata hiyo Tume yenyewe, hili makala yenu imeliruka kabisa. Mei 1996, kazi ikiwa ndo imeanza tu, watafiti wawili, Beth Goldblatt na Sheila Meintjes, walipeleka Tume andiko kuhusu jinsia. Wanawake walikuwa wanakuja kwa wingi ila wanasimulia ya waume zao na ya watoto wao wa kiume, ya kwao wenyewe hawasemi. Aliyepigwa ni mume, aliyepotea ni mtoto, na mama anayesimulia naye aliwekwa ndani na akafanyiwa mambo huko ambayo hayataji. Kutokana na hilo andiko vikawekwa vikao maalum vya wanawake, Cape Town, Durban na Johannesburg, kati ya 1996 na 1997. Hao walifanya falsafa ikasogeza viti ukumbini. Ni profesa gani anaweza kudai hivyo?

Turudi nyuma kidogo. Kuna Carol Gilligan wa Marekani, yeye ni mwanasaikolojia ila wanafalsafa wamemla mpaka mifupa. Kwenye kitabu chake cha 1982 kuna watoto wawili wa miaka 11, Jake na Amy, wamepewa kisa kimoja. Mke wa mtu anakufa, dawa ipo kwa mfamasia ila bei haishikiki, je mume aiibe? Jake anajibu chap, aibe, uhai unazidi mali. Amy anasitasita. Anasema akiiba anaweza kufungwa, na mke akizidiwa tena nani atamletea dawa, wakae na mfamasia waongee, wakope, watafute njia. Kwa kipimo cha ukomavu wa maadili cha mwanasaikolojia Lawrence Kohlberg kilichokuwa kinatumika wakati huo Amy akaonekana yuko ngazi ya chini, hajakomaa. Gilligan akasema hapana, Amy anajibu swali lingine, hajiulizi sheria ipi inazidi ipi, anajiuliza hawa watu watatu wataendeleaje kuishi.

Sasa jamani hiyo si ndo haki rejeshi? Mwaka 1989 New Zealand ikapitisha sheria ya kuwakalisha vijana waliokosa na familia zao, aliyeumizwa na polisi, waongee watoke na mpango. Sisemi bunge lile lilikuwa linamsoma Gilligan, msukumo mkubwa ulitoka kwa Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi ile, waliochoka kuona watoto wao wanachukuliwa. Ila ukiisoma unaona ni jibu la Amy limepigwa muhuri. Jibu lililopewa alama ya chini!

Hapa kuna mtego lakini na naomba nisieleweke vibaya. Kuna wanaomsoma Gilligan wakatoka na "aah wanawake wana moyo wa huruma, wao ndo wa kusamehe". Hapana bwana. Hiyo ni kumbebesha mtu mzigo kisha kumsifia kwa mabega. Kuna profesa wa sheria wa Canada, Annalise Acorn, yeye mwenyewe alikuwa shabiki wa haki rejeshi kisha 2004 akatoa kitabu cha kuipinga, akasema huruma inayodaiwa kwa lazima sio huruma, na kwamba tunapenda mno ile picha ya mwisho, watu wanakumbatiana, machozi, makofi, mpaka tunamsukuma aliyeumia aiharakishe. Sikubaliani naye yote, naona anatupa mtoto na maji ya kuogea, ila kwenye hilo la kuharakisha kagonga pale pale. Mwanamke aliyepigwa na mumewe ukimweka kwenye duara moja la mazungumzo naye na wazee wamezunguka wanamwambia yaliyopita si ndwele, hapo hujarejesha kitu, umefunika kombe mwanaharamu apite.

Ndo maana mimi namkubali zaidi Margaret Urban Walker, Mmarekani, kitabu cha 2006. Kwake kutengeneza kunaanza kwa aliyekosa kubeba kosa lake na kwa jamii nzima kusema wazi kwamba mstari ulivukwa, ili aliyeumia aweze tena kuamini na kutumaini. Msamaha ukija umekuja, usipokuja bado kuna kazi tele ya kufanya na sio kazi ya mwathiriwa. Ukimsoma huyo halafu ukarudi kwa mama Kondile unaona hakuwa anakwamisha maridhiano, alikuwa anauliza ile kazi nyingine imefanywa na nani.

Mwanafalsafa Hannah Arendt simgusi sana, maana akitafutwa mwanamke mmoja wa kupamba orodha anatajwa yeye halafu watu wanapumua. Ila hata yeye husomwa nusu. Wanachukua maneno yake ya 1958 kwamba msamaha unatufungua kutoka kwenye yaliyotendwa, wanaacha kwamba hapo hapo alisema watu hawawezi kusamehe wasichoweza kuadhibu. Nusu hiyo haifai kwenye mabango.

Nimalizie na faili langu. Yule aliyeongea ametulia kama msoma habari nilimtafuta nikampata, naye anafundisha falsafa, ana shahada nyingi kuliko nusu ya waliokaa meza kuu. Swali lake kwenye ripoti nililiandika "dada mmoja aliuliza kuhusu msamaha". Kwenye rekodi aliuliza hivi, aliyeumizwa asiposamehe, je tutasema mduara umefeli, na kama tutasema hivyo basi tuliukaa kwa ajili ya nani? Mwenyekiti alisema asante dada, tukapumzike chai. Nimeandika upya kurasa zote zenye "dada mmoja" na "mama mmoja", nikaweka majina na hoja, nikawatumia waandaaji. Wamenijibu ripoti imeshachapwa, labda waweke karatasi moja ya masahihisho mwishoni. Sawa, nitachukua hiyo karatasi moja.

Na ninyi mhariri sidai makala nyingine. Yule wa kwenye picha ana jina, na mpiga picha wenu lazima analo kwenye daftari lake. Lichapeni, na kama kuna kitu alisema siku ile kabla hajaanza kulia, kichapeni nacho.

Wenu,
Mwandika kumbukumbu