Majani ya mtini yalinidanganya

Mhariri salaam,

Makala yenu ya kuotesha mtini ndani ya nyumba nimeisoma na nimeipenda, ila pale mliposema majani yakitoka tu mtu ahamishie mche kwenye chungu kikubwa, hapo hapana jamani, mtaua miche ya watu.

Mie ni mtu wa Tanga ila niko Columbus, Ohio, huku mwezi wa kwanza nje ni theluji tupu. Mwaka juzi jirani yangu mmoja mzee alipogoa mtini wake, ile aina wanaita Chicago Hardy inayovumilia baridi, ulikuwa ushapukutisha majani yote umelala, akanipa matawi. Nikasema moyoni hizi si pingili kama za muhogo tu, mtoto wa shamba nitashindwaje? Nikapata sita za sentimita 15 hivi, unene wa kalamu, kila moja macho matatu manne, nikazichomeka kwenye vikombe vya plastiki vile vinavyoonesha ndani, nimevitoboa chini, nimejaza makumbi ya nazi yaliyosagwa na perlaiti (vile vijiwe vyeupe vyepesi vya kulegeza udongo) nusu kwa nusu, nikavifunika na mfuko nikaviweka juu ya friji manake pale pana joto.

Wiki ya pili jicho la juu likafunguka, majani mawili mazuriii, nikapiga picha nikamrushia dada nyumbani (yeye bado anabisha kuwa mtini na mkuyu ni mti mmoja, nimemwambia ni ndugu tu, aliopanda Zakayo ni mkuyu). Basi kwa furaha nikahamisha mbili kwenye ndoo nikamwagilia vizuri. Siku ya tano majani yamelala kama mchicha wa jana, nikaona kiu hiyo nikaongeza maji, kumbe ndo namalizia. Kung'oa, chini hakuna mzizi hata mmoja, gome jeusi linateleza na harufu juu.

Kijiti kina akiba yake ya chakula ndani, hayo majani ya kwanza yanatoka kwa akiba hiyo hata kama mizizi haipo, sasa majani yanapoteza maji na chini hakuna cha kunywa, halafu wewe umekizamisha kwenye matope.

Zile nne sikuzigusa tena, moja ikaota ukungu nikatupa. Kama wiki ya tano nikaona nyuzi nyeupe zimegusa plastiki, hapo ndo mkono unawasha kweli lakini vumilia, mizizi hiyo ni laini inakatika hata kwa kutikiswa. Nikangoja wiki mbili nyingine mpaka ikatoa matawi, ikazunguka kikombe, ile ya zamani ikaanza rangi ya kahawia, na nikikibonyeza kikombe udongo unatoka wote mzima umeshikwa. Maji nilikuwa napima kwa kunyanyua tu, kikiwa chepesi naweka vijiko viwili, kizito naacha.

Na chungu kisiwe kikubwa, lita 4 zinatosha, manake udongo uliolowa ambao hauna mizizi ya kuunywa ndo unaoozesha. Ule mfuko nao usiuvue siku moja, utoboe, kesho uongeze tundu, mche uzoee hewa kavu ya hita kidogokidogo. Aa, na ukikata matawi vaa glovu, ule utomvu mweupe ukikupata halafu ukakaa juani ngozi inababuka, mimi kidole gumba kilikuwa na alama mwezi mzima.

Mitatu yangu iko hai, joto likija inakaa nje, baridi naiingiza besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, na mmoja mwaka jana umenipa tini saba. Kwahiyo mhariri naomba mrekebishe ile sentensi kabla ya mwezi wa kumi na moja, watu wa huku ndo wanaanza kukata matawi.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio