Wagonjwa wa baridi yabisi wachunguzwe mifupa pia

Mhariri,

Nimekuwa nikimsindikiza shangazi yangu kliniki hapa Kisumu kwa miaka kadhaa, na kila mara huulizwa kuhusu maumivu, uvimbe na ugumu wa vidole asubuhi, bali kuhusu mifupa yake haulizwi neno. Nazungumzia baridi yabisi ile inayotokana na kinga ya mwili kushambulia viungo, ambayo huwapata wanawake mara 2 hadi 3 kuliko wanaume, wala si maumivu ya magoti yaliyolika kwa umri.

Ugonjwa huu hauishii kwenye viungo. Uvimbe wake huzichochea seli zinazobomoa mfupa zikazishinda kasi zile zinazoujenga, na mgonjwa asiyetembea vya kutosha hupoteza misuli na kuanguka kwa urahisi. Kisha ipo prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo huleta nafuu haraka na ndiyo maana hupendwa, lakini ikimezwa kila siku kwa miezi 3 au zaidi, hata miligramu 5 tu, huongeza hatari ya kuvunjika mifupa, hasa pingili za uti wa mgongo.

Shangazi, ambaye huuza omena sokoni Kibuye, hakuanguka popote. Aliinua ndoo ya maji, mgongo ukamchoma, na kwa wiki kadhaa tukamchua tukidhani ni uchovu wa soko. Eksirei ndiyo iliyoonyesha pingili 2 zilizobonyea. Na kweli alikuwa amepungua kimo, kitenge chake kikiburuta chini. Omena wanaoliwa pamoja na mifupa yao wana kalisiamu tele, ila chakula peke yake hakifidii kinachopotea kwa njia hii.

Mashine za kupima uzito wa mifupa ni ghali na wengi hawazifikii, jambo ambalo halipaswi kuwa kisingizio. Kikokotoo cha FRAX, kinachokadiria hatari ya mtu kuvunjika mifupa, kilichotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, huuliza umri, uzito, kimo, sigara, pombe na kama mzazi aliwahi kuvunjika nyonga, tena huihesabu baridi yabisi na dawa za jamii ya prednisoloni kuwa hatari 2 mbalimbali. Hutumika hata bila mashine hiyo.

Naiomba idara ya afya ya kaunti iagize kwamba kila mgonjwa anayeanzishiwa prednisoloni ya muda mrefu afanyiwe hesabu hiyo mapema, apewe kalisiamu na vitamini D akihitaji, na aliye hatarini zaidi apate dawa za kuimarisha mifupa kama alendronati. Maduka ya dawa nayo yaache kuuza prednisoloni kwa cheti kilichochakaa cha mwaka jana.

Anayeitumia sasa asiiache ghafla kwa kusoma barua hii, kwa kuwa mwili uliozoea dawa hiyo huchukua muda kuanza tena kutengeneza homoni yake, na kuikatiza kunaweza kuhatarisha maisha. Amwombe daktari ampunguzie polepole, huku ugonjwa wenyewe ukidhibitiwa kwa dawa nyingine kama methotreksati.

Msomaji,
Kondele, Kisumu